Kabla Hujalipa Amana: Upasuaji wa Kupunguza Uzito Mexico na Kupona Ukiwa Dallas au Houston

Picha hii huenda umeshaiona. Imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la chama: upande wa kushoto dada kajaa ndani ya gauni la harusi, upande wa kulia gauni lilelile limempwaya. Chini yake kuna bei kwa dola, jina la Tijuana au Monterrey, na namba ya mratibu anayejibu hata usiku wa manane.

Upasuaji wenyewe huchukua saa moja au mbili. Matatizo yake makubwa, yaani kuvuja kwa mshono, damu kuganda kwenye mishipa, kuishiwa maji na usaha, mara nyingi hujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi Irving, Fort Worth au kusini-magharibi mwa Houston, na aliyekupasua yuko ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo mpango wako uanzie mwisho: tafuta kwanza atakayekutibu ukirudi, ndipo utafute wa kukupasua.

Kwa nini watu wanavuka mpaka

Sababu kubwa ni bima. Bima nyingi za kazini hapa Texas hazilipii upasuaji huu mpaka mwajiri awe ameuongeza kwenye mkataba, na bima nyingi za kujinunulia haziugusi kabisa. Ukilipa mfukoni, bei ya Marekani mara nyingi huwa mara mbili, tatu au zaidi ya ile ya Mexico. Na zipo hospitali nzuri Mexico, zenye madaktari waliobobea. Kazi yako ni kuzitenga na zile zinazoishi kwa matangazo.

Kumbuka mambo mawili yaliyotokea kweli. Mwaka 2019 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa tahadhari baada ya wagonjwa waliopasuliwa Tijuana, wengi wao kwa ajili ya kupunguza uzito, kurudi na bakteria aina ya Pseudomonas asiyesikia hata dawa kali za hospitali. Mwaka 2023 watu waliokwenda Matamoros, mkabala na Brownsville, kufanyiwa upasuaji wa urembo walichomwa ganzi ya uti wa mgongo katika kliniki mbili na kupata homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Wengi walikuwa wakazi wa Texas, na baadhi yao walifariki.

Je, unafaa?

KISANDUKU: PIGA HESABU YA BMI
Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 105 na urefu wa mita 1.65 anapata takribani 38.6.
• 35 na zaidi: miongozo ya kitaalamu ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji hata kama huna ugonjwa mwingine.
• 30 hadi 34.9: unaweza kufikiriwa, hasa ukiwa na kisukari cha aina ya pili.
• Chini ya 30: kliniki inayokukubali kwa furaha, bila swali, ikimbie.

Kuna aina mbili kuu za upasuaji huu. Ya kwanza ni slivu: mfuko wa chakula unakatwa na kuondolewa takribani asilimia 75 hadi 80, unabaki mwembamba kama mkono wa shati. Hairudishiki. Ya pili ni baipasi: kinatengenezwa kifuko kidogo juu, kinaunganishwa na utumbo mdogo, na chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko. Mwenye kiungulia kikali cha muda mrefu aulize mapema, maana slivu inaweza kukizidisha. Usimwachie mratibu wa mauzo akuchagulie aina. Hilo ni la daktari, baada ya kuona vipimo vyako.

Makaratasi ya uhamiaji yatangulie vipimo

Hapa ndipo watu wetu wa Afrika Mashariki hujikwaa kuliko Mmarekani jirani yao, kwa hiyo soma polepole.

• Mwenye green card: beba kadi na pasipoti ya nchi yako, vyote viwe na muda wa kutosha. Mexico haimdai viza mkazi wa kudumu wa Marekani.
• Mkimbizi au aliyekwishapewa hifadhi: unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayoombwa kwa fomu I-131 kabla ya kuondoka. Huchukua miezi. Kisha uliza ubalozi mdogo wa Mexico, ulioko Dallas na Houston pia, kama wataipokea hati hiyo.
• Ombi lako la hifadhi au la green card bado linasubiri: ukitoka bila kibali cha kurejea, kwa kawaida ombi linahesabiwa umelitelekeza. Hata ukiwa nacho, afisa wa mpakani ndiye mwenye neno la mwisho. Ushauri wangu kwako ni mmoja: usitoke. Tafuta njia ya ndani ya Texas.
• Mwanafunzi: pata sahihi ya kusafiri kwenye fomu yako ya I-20 na uongee na ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Kanuni za kuingia Marekani kwa raia wa baadhi ya nchi zetu, Burundi na Somalia zikiwemo, zilikazwa mwaka 2025. Muulize wakili wa uhamiaji. Mratibu wa kliniki hajui mambo hayo, na si kazi yake. Fikiria pia swali hili: hati yangu itakuwaje ikiwa nitalazwa kule wiki tatu badala ya siku tatu?

Hatua za maandalizi, miezi mitatu hadi sita kabla

1. Mpate daktari wa Texas kwanza. Mwambie daktari wako wa kawaida ukweli wote na umuulize kama atakufuatilia. Kisha pigia ofisi za wapasuaji wa uzito Dallas, Fort Worth au Houston uulize: mnampokea mgonjwa aliyepasuliwa kwingine, na kwa ada gani? Wengi watakataa. Endelea kupiga mpaka mmoja akubali, na uandike jina, tarehe na ada.

2. Kwenye simu hizohizo, ulizia bei yao ya taslimu. Ukijumlisha hoteli, msindikizaji, tiketi na mishahara ya siku ambazo hukufanya kazi, pengo na Mexico huwa dogo kuliko lilivyoonekana kwenye tangazo. Wapo waliogundua hilo wakabaki nyumbani.

3. Pima: damu nzima, sukari, ini, figo, madini ya chuma, B12, vitamini D. Ukikoroma na kukatika pumzi usingizini, pima na hilo. Omba pia kipimo cha Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki wengi tunaye bila kujua. Atibiwe kabla, hasa kwa anayefanya baipasi, kwa kuwa baadaye kamera haifiki kirahisi kwenye mfuko ulioachwa chini.

4. Mtajie daktari wa usingizi kila kitu: selimundu katika ukoo, damu iliyowahi kuganda, dawa za mitishamba, na sindano za kupunguza uzito kama Ozempic, Wegovy au Zepbound. Sindano hizo huchelewesha chakula tumboni, na chakula kikipanda wakati umelala kinaweza kuingia mapafuni.

5. Acha sigara na shisha angalau wiki sita kabla.

6. Wiki mbili za mwisho, wengi hupewa mlo wa protini nyingi na wanga kidogo ili ini lisinyae, mpasuaji apate nafasi. Kama unatumia insulini au vidonge vya sukari, dozi ipunguzwe na daktari kabla hujaanza mlo huo. Sukari kushuka ghafla huku ukiendesha lori kwenye I-45 si jambo la kusimulia baadaye.

Kumchunguza mpasuaji

Mexico kila daktari ana namba ya taaluma iitwayo cédula, na bingwa anayo ya pili kwa ubingwa wake. Omba zote mbili, uzitafute mwenyewe kwenye rejista ya taifa ya wanataaluma iliyo chini ya wizara yao ya elimu, SEP. Inapatikana mtandaoni. Uliza kama ni mwanachama wa CMCOEM, chama cha wapasuaji wa unene cha nchi hiyo. Kwa hospitali, tafuta ithibati ya Consejo de Salubridad General au ya kimataifa, JCI, na uihakikishe kwenye orodha ya watoaji wenyewe. Nembo iliyobandikwa kwenye tangazo haithibitishi chochote.

Kisha muulize mpasuaji, ana kwa ana kwenye video:
• Siku yangu utapasua watu wangapi? Ni wewe utakayeshika kisu, tangu mwanzo hadi mwisho?
• Pana chumba cha wagonjwa mahututi, damu ya akiba na CT scan ndani ya jengo hilohilo?
• Mshono ukivuja, nani ananipasua tena, na nani analipa?
• Ukinikuta sifai baada ya vipimo vya asubuhi, mnarudisha pesa?

Akikasirika kwa maswali haya, umeshapata jibu.

Kuhusu mahali: Matamoros, Reynosa na Nuevo Laredo ziko jimbo la Tamaulipas, ambalo serikali ya Marekani imeliweka kwenye ngazi ya 4, usiende. Machi 2023 Wamarekani wanne waliofika Matamoros, mmoja wao akifuata upasuaji, walitekwa na wawili wakauawa. Ukaribu wa kuendesha gari usikushawishi.

Wengine huangalia mbali zaidi: Istanbul, ambako ndege huenda moja kwa moja kutoka Houston na Dallas, au nyumbani. Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila ya Tanzania ilianza kuweka puto tumboni mwishoni mwa 2022, lakini puto ni la muda na hutolewa. Kwa yeyote anayepasuliwa, safari ya saa 12 au zaidi kwenye kiti cha ndege na mshono mpya ni hatari ya damu kuganda. Ukichagua mbali, panga kukaa wiki kadhaa.

Pesa: akiba inayosahaulika

Fungua bahasha mbili. Moja ni ya upasuaji na safari. Ya pili ni ya matatizo, na haiguswi hata harusi ya binamu ikifika. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi hailipii madhara ya upasuaji uliojichagulia. Ipo bima maalumu ya madhara hayo: inunue kabla ya kuondoka na usome inaishia siku ya ngapi. Pesa za akaunti ya akiba ya afya, HSA, zinaweza kulipia matibabu halali ya nje. Na kama daktari amekugundua kuwa na ugonjwa, unene ukiwemo, tunza risiti: gharama za matibabu zinazozidi asilimia 7.5 ya kipato chako zinaweza kuondolewa kwenye hesabu ya kodi ukiorodhesha makato.

Siku kumi

CDC inashauri usipande ndege kabla ya siku 10 baada ya upasuaji wa tumbo. Vifurushi vingi vinakurudisha siku ya tatu au ya nne, kwa sababu hoteli ni gharama. Lipa siku za ziada mwenyewe. Kama ulipitia San Diego kwenda Tijuana, unaweza kuvuka na kukaa upande wa Marekani, karibu na hospitali, mpaka zitimie.

Nenda na mtu mzima mmoja anayejua unachofanyiwa. Kwenye gari au ndege simama na kutembea kila saa. Mwulize daktari kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda na ni ya siku ngapi. Ndugu Mwislamu, ujue mapema kwamba ile ya kawaida, enoxaparin, hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Ongea na daktari kuhusu mbadala na umuulize sheikh wako kabla hujalala kitandani.

Usitoke hospitali bila: ripoti ya upasuaji, matokeo ya vipimo na orodha ya dawa, kwa Kiingereza pamoja na Kihispania, na namba ya simu ya daktari mwenyewe. Piga picha kila ukurasa.

Jikoni

Nilimuuguza mtu wangu wa karibu baada ya upasuaji huu, na kitu ninachokikumbuka zaidi ni kikombe kile cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, cha mililita 30. Kilikaa mezani kando ya simu iliyolia kila robo saa. Anapiga mafunda mawili matatu, anakimaliza, anachora mstari kwenye karatasi ya friji. Mistari 50 ni lita moja na nusu. Siku ya kwanza nyumbani alifikisha 22 na kulala. Kesho yake mkojo ulikuwa rangi ya chai ya rangi, na kichwa kinazunguka. Tangu hapo karatasi ikawa ndiyo mwenye nyumba.

Kuishiwa maji ni miongoni mwa mambo yanayorudisha watu hospitalini zaidi. Kwa hiyo:

1. Wiki ya 1: maji, mchuzi wa mifupa uliochujwa, chai nyepesi bila sukari.
2. Wiki ya 2: maziwa yasiyo na mafuta, mtindi mwepesi, unga wa protini.
3. Wiki ya 3 na 4: vya kusaga laini. Dengu au choroko zilizopondwa na kuchujwa, samaki wa kuchemsha aliyepondwa, yai laini.
4. Wiki ya 5 na 6: vyakula laini. Samaki, maharage yaliyoiva sana, kuku wa mchuzi aliyechambuliwa.
5. Baada ya hapo, rudi kwenye chakula cha familia taratibu, kitu kipya kimoja kwa siku.

Daktari wako akikupa ratiba tofauti, fuata yake. Lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na protini iliwe kwanza. Usinywe wakati wa kula wala nusu saa baada ya kula.

Makosa ya jikoni kwetu yanajulikana. Uji mwepesi unapita kooni vizuri, mama akasema "angalau amekula", kumbe ni wanga mtupu. Ugali, chapati na wali hugandamana na kukwama juu ya mfuko. Mishkaki mikavu hukwama zaidi. Soda huumiza. Na mgeni akisema "onja kidogo tu", mjibu kwa upole kwamba daktari amekataza.

KISANDUKU: PIGA 911 AU NENDA DHARURA SASA HIVI
☐ Mapigo ya moyo yanazidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia
☐ Homa, au maumivu ya tumbo yanayozidi, au maumivu ya bega la kushoto
☐ Pumzi fupi, kifua kuuma, au mguu mmoja umevimba
☐ Unatapika hata maji, au hujakojoa kwa saa nane
☐ Unatapika kwa siku kadhaa, kisha unayumba, unaona vitu viwiliviwili au unachanganyikiwa. Hii ni dalili ya kuishiwa vitamini B1. Waambie wakupe B1 kabla ya dripu ya sukari.
Tamka mapema: "Nimepasuliwa mfuko wa chakula Mexico, siku kadhaa zilizopita." Ukificha, watautafuta ugonjwa mahali usipo.

Sheria ya EMTALA ya mwaka 1986 inalazimisha chumba cha dharura kukuchunguza na kutuliza hali yako, uwe na bima au huna, uwe na karatasi au huna. Una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Kwa wasio na bima, ulizia msaada wa gharama kwenye hospitali za kaunti: Parkland kwa Dallas, JPS kwa Fort Worth, na Ben Taub au Lyndon B. Johnson chini ya Harris Health kwa Houston. Jiandikishe kabla ya safari, maana masharti ya ukazi na kipato huchukua muda kuthibitishwa.

Kazini

Usinyanyue zaidi ya kilo 5 hadi 7 kwa wiki nne hadi sita. Kwa anayegeuza wagonjwa kwenye nyumba ya wazee au kupakia maboksi ghalani, wiki moja ya likizo ni kujidanganya. Sheria ya FMLA inakupa likizo ya hadi wiki 12 bila mshahara kama umefanya kazi miezi 12 na saa 1,250, na mwajiri ana watu 50 au zaidi. Dereva wa lori asishike usukani akiwa bado anameza dawa kali za maumivu, na akirudi, asimame kutembea mara kwa mara.

Miezi na miaka inayofuata

Vitamini ni za maisha: ya jumla, B12, D, chuma, na kalsiamu ya aina ya citrate. Chuma na kalsiamu zipishane kwa saa mbili. Vidonge vya jelatini huweza kuwa vya nguruwe, soma chupa. Pima damu miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Kliniki za jamii hutoza kulingana na kipato.

Achana na ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ya kujinunulia, hata zile zinazoletwa na wageni kutoka nyumbani. Huchimba vidonda, hasa kwa mwenye baipasi. Pombe hupanda haraka kuliko zamani.

Dada, uzazi hurudi ghafla uzito ukishuka. Subiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba, na baada ya baipasi tumia kitanzi au kipandikizi badala ya vidonge. Ramadhani ya kwanza ikikukuta kwenye miezi ya mwanzo, kufunga bila maji kutwa nzima ni hatari. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa baadaye.

Jambo la mwisho ni midomo ya watu. Kwetu anayekonda haraka huambiwa ana ukimwi au karogwa, na wengi huficha upasuaji kwa hofu ya kuitwa wavivu. Una haki ya siri yako, lakini siri isizidi nyumba: angalau mtu mmoja anayeishi nawe ajue ulichofanyiwa, siku gani, na makaratasi yako yako wapi. Ndiye atakayezungumza na gari la wagonjwa ukiwa huwezi.

Orodha ya mwisho kabla ya kutuma pesa:
☐ Jina la daktari wa Texas aliyekubali kunifuatilia
☐ Wakili amethibitisha naweza kutoka na kurudi
☐ Cédula mbili nimeziona mwenyewe
☐ Siku 10 za malazi, na msindikizaji
☐ Bahasha ya pili haijaguswa

Kama mstari wa kwanza bado uko wazi, usilipe amana wiki hii. Piga simu nyingine.